Biashara na Wafanyakazi wa Pemba Katika Nyakati za Misukosuko

Kisiwa cha Pemba kiko kiasi cha kilomita 50 kutoka pwani ya bara, ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu, na karibu kila kinachouzwa katika maduka yake kimevuka maji. Mchele, unga wa ngano, sukari, saruji, mabati, petroli na dawa za hospitali huingilia bandari za Mkoani, Wete na Wesha. Karafuu, mwani na dagaa hutokea huko huko. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000. Mvutano wowote unaogusa bahari, bandari, uchaguzi au bei ya mafuta huwafikia watu hao upesi, na wa mwanzo kuuhisi si mwenye mtaji. Ni kijana wa dukani, mchukuzi wa bandarini, mchumaji wa karafuu na mama wa mwani.

Yanayoelezwa hapa yametokana na kumbukumbu za miaka mingi ya biashara kisiwani humo, za mwandishi aliyeshika daftari za hesabu katika maduka na maghala, na za watu waliofanya kazi pamoja naye. Katika misukosuko yote inayokumbukwa, biashara zilizosimama tena mapema hazikuwa lazima zile zenye fedha nyingi. Zilikuwa zile ambazo tajiri alijua kila mfanyakazi wake anakaa shehia gani, anapita njia ipi kwenda kwao, na nyumbani kuna midomo mingapi inayomngoja. Ujuzi huo haununuliwi siku ya hatari. Huwepo tangu zamani au haupo kabisa.

Misukosuko ya Pemba imekuja kwa njia mbili. Kuna inayotoka mbali: vita, mgogoro wa kibiashara, uamuzi uliopitishwa katika mji ambao mkulima wa Pemba hatauona. Na kuna inayozuka mlangoni, baina ya jirani na jirani, kila siasa za visiwani zinapochafuka. Ya kwanza hukata bidhaa na bei. Ya pili hukata uaminifu, na hii ndiyo ngumu zaidi kuitibu.

Historia ya karafuu inaonyesha njia ya kwanza vizuri. Baada ya tufani ya 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuja kuwa shamba kuu la zao hilo. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoanzishwa 1927, mamlaka ya pekee juu ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wameishika biashara hiyo wakasusa, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono kwa kuwataka watu wa India wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa zao hilo. Mgogoro haukumalizika hadi makubaliano ya Mei 1938. Mabishano yote yalikuwa ya Unguja, Bombay na London, na mchumaji aliyekuwa juu ya mti huko Pemba hakuulizwa neno. Lakini yeye ndiye aliyepanda, akachuma, akachambua na kuanika zao ambalo mnunuzi wake alikuwa amefunga milango.

Mambo yalijirudia kwa sura nyingine baada ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kupewa ukiritimba wa karafuu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu mteja mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku ya sigara. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake na kuanza kujitosheleza katika miaka ya 1980, bei ya dunia ilianguka vibaya. Bei ya mkulima ikawa duni, na magendo ya kwenda Mombasa yakashamiri. Vijana waliobeba magunia usiku kwa mashua walikuwa, kwa hakika, wafanyakazi wa biashara isiyo na jina. Hawakuwa na mkataba wala bima, na mashua ikizama hakuna aliyetakiwa kwenda kutoa taarifa kwa wazazi wao. Mwaka 2011 ZSTC ilipopandisha bei ya karafuu ya daraja la kwanza hadi Sh 15,000 kwa kilo, magendo yalipungua kwa sababu iliyo wazi kwa kila mkulima. Doria ya baharini haikuwahi kufanya kazi ambayo bei nzuri iliifanya katika msimu mmoja.

Njia ya pili, ile ya mlangoni, ina tarehe ambayo Wapemba hawaisahau. Baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa Oktoba 2000, Chama cha Wananchi, CUF, kiliitisha maandamano ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001. Huko Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani askari waliwafyatulia waandamanaji risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe na ya watetezi wa haki za binadamu, waliouawa katika visiwa vyote viwili walizidi 30, na mamia walijeruhiwa. Siku zilizofuata zilikuwa za misako ya nyumba kwa nyumba. Wanaume wengi walilala maporini. Watu wapatao 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa wengine, ikajikuta kwa mara ya kwanza inatoa wakimbizi wake.

Katika maafa ya namna hiyo kuzungumzia biashara huonekana kama kukosa adabu kwa wafu. Lakini watu walihitaji kula, na mishahara ya Januari ilikuwa haijalipwa. Kumbukumbu za duka moja la jumla la Wete zinafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu mwenyewe alifanya mambo ambayo vitabu vya menejimenti vilikuja kuyaandika baadaye kwa maneno makubwa.

Maandamano yalitangazwa mapema, na mzee huyo hakusubiri kuona yatakavyokuwa. Siku mbili kabla yake alilipa mshahara wa mwezi mzima kwa fedha taslimu, pamoja na kilo kadhaa za mchele na sukari kwa kila mfanyakazi. Waliokuwa wakitoka upande wa Micheweni aliwaambia wasije tena mpaka awatumie habari, na akasisitiza kwamba siku hizo watalipwa. Mlinzi wa usiku alitaka kubaki. Akakatazwa. Mzee alisema gunia la unga likiibwa litanunuliwa jingine, na mlango ukivunjwa seremala yupo, lakini yeye hawezi kwenda kwa mke wa mlinzi kumweleza kwamba mumewe amekufa akilinda unga. Funguo za ghala ziligawanywa: moja kwake, nyingine kwa mpwa wake aliyekaa mtaa tofauti, ili mmoja akikwama au akikamatwa mwingine aweze kufungua. Daftari la madeni, ambalo kwa duka la jumla ni mali kuliko bidhaa zenyewe, liliondolewa dukani na kuhifadhiwa nyumbani kwa dada yake.

Duka lilibaki limefungwa kwa muda. Lilipofunguliwa, lilifunguliwa nusu mlango, saa chache za asubuhi, na aliyesimama nyuma ya meza alikuwa mzee mwenyewe. Vijana wawili hawakurudi, walikuwa Shimoni. Mishahara yao iliandikwa kila mwezi na kukabidhiwa mama zao, na nafasi zao hazikujazwa kwa mkataba bali kwa vibarua walioambiwa wazi kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Baadaye mwaka huo, wakimbizi wengi waliporejea, vijana hao walirudi dukani. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuliendesha duka hilo mzee alipochoka.

Biashara nyingine ya kisiwani humo, ambayo haina haja ya kutajwa, iliwaambia wafanyakazi kwamba asiyefika kazini Jumatatu hana kazi. Wapo waliokwenda, wakipita njia zenye vizuizi vya askari, kwa sababu walikuwa na watoto. Hakuna aliyepigwa risasi njiani, na pengine ndiyo maana uamuzi ule haukuwahi kulaumiwa hadharani. Ulistahili kulaumiwa. Usalama wa mtu haupimwi kwa kuwa amefika salama. Hupimwa kwa hatari aliyotumwa kuipitia. Watu walioamriwa hivyo waliondoka mmoja mmoja kila walipopata kazi nyingine, na biashara ile ikawa kila mwaka inafundisha vijana wapya kupima, kufunga mzigo na kuwajua wateja.

Jambo linalojitokeza katika kumbukumbu hizo ni kwamba misukosuko ya Pemba, kwa sehemu kubwa, huja na tarehe. Uchaguzi wa vyama vingi umefanyika kila baada ya miaka mitano tangu 1995, nao kwa kawaida huangukia miezi ambayo biashara ina shughuli nyingi: karafuu zinachumwa, fedha zinazunguka, wachumaji wamehama kwao. Tajiri anayesema alishtukizwa na Oktoba ya mwaka wa uchaguzi hasemi kweli. Matayarisho yanayofaa huanza kiasi cha miezi miwili kabla. Akiba ya chakula huagizwa wakati boti zinatembea kawaida, lakini kwa kiasi cha kuwatosha wateja wa kila siku, si kwa nia ya kuficha na kuuza ghali. Tofauti ya mambo hayo mawili inajulikana na kila mtu mtaani, na mwenye duka aliyepandisha bei ya unga wakati wa hofu hukumbukwa kwa hilo hata na watoto waliokuwa hawajajua kusoma.

Mapatano ya Oktoba 2001 baina ya chama tawala, CCM, na CUF, yaliyoitwa Muafaka, yalituliza hali kwa kiasi. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ndiyo iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao wafanyabiashara wa Chake Chake bado wanauzungumzia. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikisusia.

Safari hii hatari kubwa kwa biashara ya Pemba haikuwa risasi. Ilikuwa kususiana. Wafuasi wa chama kimoja walikataa kuwauzia wa chama kingine, au kununua kwao. Gari za abiria ziliwapita watu vituoni. Watu waliacha kuzikana na kuhudhuriana harusi. Yaliripotiwa mazao kuharibiwa mashambani. Viongozi wa serikali walionya kwamba wanaowabagua wateja wangenyang'anywa leseni. Mwenye duka akawa na wateja wanaomsusa akiuza na serikali inayomtishia asipouza.

Aliyebanwa kuliko wote alikuwa mfanyakazi aliyesimama nyuma ya meza. Akimuuzia jirani aliyesuswa, jioni hiyo nyumbani kwao ataulizwa. Asipomuuzia, leseni ya tajiri iko hatarini na kazi yake pia. Kijana wa miaka 20 anayelipwa mshahara mdogo hakustahili kubebeshwa uamuzi uliowashinda wanasiasa. Wenye maduka waliolielewa hilo walifanya jambo moja lililosaidia kuliko mengine yote: waliuondoa uamuzi mikononi mwa kijana. Walitangaza, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba duka linamuuzia kila anayekuja na fedha, na kwamba hiyo ni amri ya mwenye duka. Kijana akiulizwa mtaani alikuwa na jibu: ameamriwa. Katika siku zilizokuwa nzito zaidi wenye duka walikaa mezani wenyewe, wakayapokea maneno ya pande zote mbili, na kuwapeleka vijana ghalani kupanga mizigo.

Kanuni nyingine zilifuatana na hiyo. Hakuna sare wala bendera ya chama kazini. Hakuna redio ya hotuba za siasa dukani. Hakuna kumuuliza mtu alimpigia nani kura, wala kumwajiri au kumwachisha kwa sababu hiyo, hata kama ndugu wa tajiri wanashinikiza. Kanuni ya mwisho ilikuwa ngumu kushikwa, maana katika kisiwa kidogo kila mtu anajua kila mtu ni wa wapi, na shinikizo la ndugu ni zito kuliko barua ya wizara. Waliofaulu walikuwa, kwa kawaida, wale waliokuwa na wafanyakazi mchanganyiko tangu zamani. Duka lenye vijana wa pande zote haliwezi kupewa rangi kirahisi, na vijana waliofanya kazi pamoja miaka mitano hupeana habari za hatari hata kama baba zao hawasalimiani.

Kundi jingine lililohitaji ulinzi ni wageni: mwalimu wa skuli, muuguzi, karani wa benki, fundi wa mitambo aliyehamishiwa Pemba kutoka Unguja au bara. Hawa hawana shangazi wa kuwapelekea chakula wala mjomba wa kuwaficha. Mtaa ukikunja uso, kununua maji tu huwa mtihani. Mwajiri anayemleta mtu kutoka mbali anawajibika kumtafutia makazi yenye mwenyeji anayeheshimika, kumtambulisha kwa sheha na kwa imamu wa msikiti wa karibu hata kama mgeni ni wa dini nyingine, na kuhakikisha kuna duka litakalomuuzia. Utambulisho huo ufanywe wiki ya kwanza anapofika. Ukifanywa siku ya ghasia huonekana kama ombi la hifadhi, na kwa wengine ni dalili ya hatia.

Uchaguzi ule wa marudio ulileta pia pigo la mbali. Tarehe 28 Machi 2016 bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, ilisitisha ushirikiano wake na Tanzania, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na utekelezaji wa sheria ya makosa ya mtandao. Mkataba wa pili uliokuwa ukitayarishwa, wa kiasi cha dola milioni 472, uliishia hapo. Mkataba wa kwanza ndio uliokuwa umejenga barabara za vijijini Pemba na kulaza waya mpya wa umeme wa Unguja. Kwa makandarasi na mafundi waliotarajia kazi, uamuzi wa Washington ulimaanisha nafasi ambazo hazikutokea. Ndiyo sababu mkataba wa kazi za mradi unapaswa kueleza mapema mfanyakazi atalipwa nini mfadhili akijitoa. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inatoa msingi wa mikataba na haki za anayeachishwa, lakini sheria hufanya kazi pale tu karatasi ilipoandikwa na kusainiwa.

Mawasiliano yamekuwa uwanja mpya wa misukosuko. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao Pemba ulitanguliwa na mauaji, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na ghasia kubwa bara, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na kuzimwa kwa intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Zanzibar yenyewe ilikuwa tulivu zaidi safari hiyo, lakini utulivu wa kisiwani haukumsaidia mfanyabiashara aliyeagiza mzigo Kariakoo kwa ujumbe wa simu kisha akawa hawezi kujua kama umepakiwa.

Biashara ya leo imeweka mambo mengi ndani ya simu: orodha ya wateja, bei, madeni, namba za wafanyakazi, hata picha za risiti. Kwa hiyo daftari la karatasi limepata tena kazi yake. Liwe na jina la kila mfanyakazi, shehia yake, jina la ndugu wa kuitwa, na namba zaidi ya moja, zikiwemo za mitandao tofauti. Pawepo na makubaliano ya mahali pa kukutana au mtu wa kupitishiwa habari simu zikinyamaza. Huko Pemba msikiti na nyumba ya sheha vimeifanya kazi hiyo tangu kabla ya simu. Pawepo pia fedha taslimu za kulipa mshahara wa mwezi mmoja na kununua mzigo mdogo. Zisirundikwe dukani, zigawanywe. Hapo wakala wa fedha za simu anahitaji kufikiriwa peke yake. Siku za hofu watu hukimbilia kutoa fedha, kibanda chake hujaa noti, naye mara nyingi ni msichana mmoja aliyeajiriwa kwa kamisheni. Kumwacha hadi usiku kwa sababu biashara ni nzuri ni kumuuza.

Umeme na mafuta ni suala fupi kidogo. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kabla ya hapo ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Unguja ilishaonja hasara ya kutegemea waya mmoja: ilikaa gizani kiasi cha mwezi mwaka 2008, kisha kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mwenye chumba cha barafu cha samaki, mwenye mashine ya kusaga na mwenye duka la dawa zinazohitaji baridi wanapaswa kuwa na njia ya pili, jenereta au umeme wa jua, na dizeli iliyohifadhiwa mbali na wanapolala watu.

Usafiri unahitaji maneno makali zaidi. Kila mara safari zinapokatizwa, chombo cha kwanza kinachopatikana hujazwa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa imebeba abiria wengi kuliko uwezo wake. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Ajali hiyo haikutokana na siasa, lakini ndiyo kipimo sahihi cha kile ambacho mwajiri anakihatarisha anapomwambia mfanyakazi arudi kazini kwa chombo chochote. Hakuna mzigo wala hesabu ya mwezi inayohalalisha amri hiyo. Mfanyakazi aliyekwama ng'ambo alipiwe malazi na posho huko huko mpaka boti ya kuaminika ipatikane, na gharama hiyo ihesabiwe kama gharama ya kawaida ya biashara ya kisiwani.

Vita vya mbali navyo vimezidi kuwa karibu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya mafuta na ya ngano ilipanda duniani kote, na Pemba, ambako mkate wa boflo na maandazi ni chakula cha asubuhi, waokaji waliihisi mara moja. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyalazimisha makampuni mengi ya meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari baina ya Asia na Ulaya zikarefuka kwa zaidi ya wiki, na nauli ya makontena ikapanda. Kwa zao la mwani, ambalo ni jepesi, la bei ndogo na linauzwa nje karibu lote, nauli ya kontena si jambo dogo.

Pemba ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa kawaida kampuni inayonunua huwapa kamba na vifaa, nao huwajibika kuiuzia. Kampuni ikichelewa kusafirisha, hununua kidogo au huacha kununua kwa muda, na magunia ya mwani mkavu hubaki majumbani. Kisheria mama huyo si mwajiriwa. Hana mshahara unaoweza kucheleweshwa wala likizo inayoweza kukatwa. Hata hivyo hatari yote ya njia ya meli iko juu ya mgongo wake. Kampuni inayotaka kumkuta baharini msimu ujao ina la kufanya. Imwambie mapema kwamba ununuzi utapungua, ili asipande kamba zote. Inunue angalau sehemu ya mzigo kwa bei iliyotangazwa. Na deni la vifaa lisidaiwe katika kipindi ambacho kampuni yenyewe imeacha kununua. Kiwango cha haki katika jambo hili ni rahisi kukipima: anayefaidika meli zinapopita salama ndiye anayepaswa kubeba sehemu ya hasara zisipopita.

Familia nyingi za Pemba zina watu Oman na kwingineko Ghuba, na fedha wanazotuma ndizo mtaji wa maduka mengi madogo. Mvutano wa huko nao ni suala la biashara ya Wete na Konde. Duka linaloishi kwa fedha za ndugu wa Muscat linahitaji kujenga mauzo yanayoweza kulipa mshahara wa watu wake bila fedha hizo walau kwa miezi michache. Vinginevyo mfanyakazi wa Pemba anafanya kazi chini ya anga ya nchi asiyoijua.

Kufungua tena baada ya misukosuko kuna utaratibu wake. Kwanza watu huhesabiwa kabla ya bidhaa: nani yuko, nani hayupo, nani ameumia, nani amefiwa. Aliyefiwa huendewa nyumbani na tajiri mwenyewe, bila kuulizwa siku ya kurudi kazini. Aliyeumia hugharamiwa matibabu. Waliokamatwa huwekewa wakili au, ikishindikana, hupelekewa chakula, na familia zao hulipwa mshahara mpaka shauri lijulikane. Mtu hajawa na hatia kwa kuwa amechukuliwa. Ndipo ghala hukaguliwa. Madeni ya wateja huachwa kwa muda, kwa sababu anayedai siku ya pili baada ya msiba atalipwa mara moja tu na hatauziwa wala kuuza tena katika mtaa huo. Mwisho hukaliwa kikao cha wafanyakazi wote kueleza kilichokwenda vibaya, na wadogo huanza kuzungumza kabla ya wakubwa, maana wakubwa wakianza wadogo hukubali tu.

Kundi linalobaki nje ya taratibu hizi zote ni vibarua wa msimu, hasa wachumaji wa karafuu. Huhama na familia zao, hulala katika vibanda vya mashambani na hulipwa kwa pishi. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi yanayokatika, na kila msimu wapo wanaoanguka. Ghasia zikizuka wako mbali na kwao, hawajalipwa, na aliyewaajiri huenda amekwenda mjini. Kwao hakuna haja ya mpango mkubwa. Inatosha karatasi yenye jina la mchumaji na la mwenye shamba, kiwango cha malipo kwa pishi, siku ya kulipwa isiyozidi wiki, nani atakayegharamia hospitali akianguka, na ahadi ya nauli ya kurudi kwao ikibidi kazi ivunjwe. Karatasi hiyo huandikwa nakala mbili mbele ya sheha: moja hubaki kwa mwenye shamba, na ya pili hukabidhiwa mchumaji kabla hajapanda mti wa kwanza.